Gari ya Njano Iliyokwaruza Madigadi

Siku ya kwanza kazini Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa kipande cha chaki, akaniambia nisimame kando ya geti nisikilize magari yanavyoingia.

"Usimwangalie dereva," alisema. "Sikiliza gari. Gari haina ndugu jeshini."

Nilisimama pale kuanzia asubuhi mpaka saa kumi, miguu ikawaka moto. Nilikuwa nimemaliza senia ya nne, yaani kidato cha nne, na cheti changu kizuri, na nilikuwa nimejiambia kwamba baada ya miezi mitatu nitakuwa nafungua injini peke yangu. Kumbe nasimama getini kama askari wa zamu. Jioni nilirudi nyumbani Kisugu, nikafungua daftari langu, nikaandika: "Leo nimefundishwa kusikiliza. Kesho nitaomba kazi ya kweli." Daftari hilo ninalo mpaka leo. Mengi ninayowaeleza hapa, nyinyi vijana mnaoingia kazi hii, nimeyatoa humo, na mengine sikuyaandika wakati ule kwa sababu hayakuwa mambo ya kuandikwa.

Gereji yetu ilikuwa Kampala, kule kwenye viwanda, chini ya Bugolobi. Mwenyewe alikuwa Mhindi, na aliondoka na sanduku moja walipoambiwa Wahindi waondoke. Serikali ikampa gereji mtu tuliyekuwa tunamwita Meneja. Kabla ya hapo Meneja alikuwa mpishi kambini. Hakujua tofauti ya giaboksi na rejeta, lakini aliwajua wakubwa wote wa jeshi kwa majina ya watoto wao. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa kioo cha dirisha la ofisi. Alisema anataka hewa. Sisi tulijua anataka masikio. Kuanzia hapo mafundi wakaanza kuongea na nyundo mkononi, maana ukigonga bati huku unaongea, aliye mbali hapati kitu.

Fundi Mkuu ndiye aliyebaki kutoka wakati wa Mhindi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mkono wake wa kushoto hauna kidole cha kati, na kila asubuhi alikuwa anauliza swali moja tu: "Nani amelala vizuri?" Hakuna aliyejibu. Hata yeye hakungoja jibu.

Sasa nieleze kadi ya kazi, kwa sababu balaa yote ilitoka hapo. Kila gari ikiingia ilifunguliwa kadi. Unaandika namba ya gari, mwenyewe analalamika nini, chanzo cha ubovu ni nini, na kazi iliyofanywa. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja: "Fundi wa mwisho kushika gari hii." Mhindi ndiye aliyeuweka, na ulikuwa mstari wa akili. Kama gari imetoka gereji nyingine, unamfuata yule fundi, unamwuliza alifanya nini, unaokoa siku nzima. Kadi ilikuwa na karatasi ya kaboni chini yake, hivyo unapata mbili: moja ya mwenye gari, moja ya ofisi.

Wakati wangu mimi, mafundi wote waliuacha ule mstari wa mwisho mtupu. Na penye chanzo waliandika neno lile lile: barabara. Breki imekufa, barabara. Klachi imeungua, barabara. Hata gari iliyojazwa mafuta ya taa badala ya petroli, niliona kwa macho yangu wameandika barabara. Hakuna aliyenieleza sababu. Siku hizo mtu haelezwi kitu. Unajifunza kwa kuangalia wenzako hawafanyi nini. Mimi sikuwa na subira ya kuangalia. Niliandika kwenye daftari: "Mafundi hapa ni wavivu wa kalamu. Nitawaonyesha kadi inajazwa namna gani."

Nilikuwa na miezi saba kazini gari ya njano ilipokuja.

Ilikuwa gari ya mbio, milango miwili, pua ndefu, rangi kama kiini cha yai la kienyeji. Niliisikia kabla sijaiona. Ilipokata kona kuingia getini ililia krrr, ikanyamaza, ikalia tena. Nilijua palepale: tairi za mbele zinakwaruza madigadi, yale mabati yanayofunika tairi. Nilifurahi. Halafu mlango ukafunguliwa, nikaona buti.

Mwenye gari alikuwa Kepteni. Anafanya kazi ofisi gani, hilo halikuulizwa. Alivaa shati la maua na miwani ya jua, na nyuma yake alikuja Dereva wake na gari nyingine, Landrova. Kepteni alisimama katikati ya yadi akatuangalia mmoja mmoja.

"Hii gari ilikuwa inakimbia vizuri," alisema. "Sasa mimi nikikata kona, inalia. Tairi inakamata bodi. Siku moja itakamata kabisa, mimi niko na mwendo, nitakufa. Sasa mimi nauliza. Nani anataka mimi nikufe?"

Nyundo zote zilikuwa zimenyamaza.

"Hakuna, afande," Meneja alisema kutoka dirishani. "Hakuna mtu kama huyo."

"Iko. Kwa nini wewe unasema hakuna? Umehesabu watu?" Meneja akarudisha kichwa ndani. "Mtatengeneza. Lakini kwanza nataka jina. Nani alifanya hii kitu. Ijumaa nikitoka kuswali, saa nane, nakuja. Na boneti hakuna mtu kufungua. Injini iko sawa. Nimetia kufuli yangu."

Kweli, kwenye mdomo wa boneti alikuwa amechomelea vipete viwili na kutia kufuli ya shaba, kama ya duka la sokoni Kikuubo. Sijawahi kuona gari nyingine ya namna hiyo. Akaondoka na Landrova, akamwacha Dereva aketi juu ya pipa, anakula njugu, anatuangalia.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Fundi Mkuu hakuwepo. Alikuwa amekwenda mazishini na angerudi kesho yake. Wale mafundi wengine wawili, ghafla, kila mmoja akawa na kazi chini ya lori. Meneja akaniita. "Wewe ndiye umesoma. Jaza kadi, Dereva anangoja karatasi yake."

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Unachukua chaki, unapaka bega la tairi, pale ukingoni, na unapaka pia ukingo wa madigadi kwa ndani. Halafu unaendesha gari polepole, unakata stelingi mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia. Unashuka, unaangalia chaki imefutika wapi. Ilikuwa imefutika kwenye bega la nje, tairi zote mbili sawasawa. Nikasoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, nikafungua kitabu cha gari. Tairi ilikuwa pana kuliko ya kitabu, karibu inchi nzima. Nilijisikia kama mwanafunzi aliyepata jibu la hesabu kabla ya darasa zima.

"Tairi hizi nani alifunga?" nilimwuliza Dereva.

"Yule Mkongomani wa Kisugu. Bahati. Saizi ya gari ilikuwa imekosekana mji mzima, akapata hizi." Alitema ganda la njugu. "Kwa nini?"

Bahati nilimjua. Alikuwa jirani yetu, anatengeneza tairi kando ya njia chini ya bati tatu, Jumapili anaimba kanisani, na nyumbani kwetu, sisi Waswahili wa Kisugu, baba yangu alikuwa anampelekea nyama kila Idi. Hata hilo halikunizuia. Nilikuwa nafikiria kadi. Nikaandika chanzo: tairi si saizi yake. Nikashuka kwenye mstari wa mwisho, ule mtupu, nikaandika kwa mwandiko wangu bora: Bahati, fundi wa tairi, Kisugu. Dereva akachukua nakala ya juu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko.

Kesho yake, Alhamisi, Fundi Mkuu alifika, akaenda ofisini, akatoka na nakala ya pili. Alinivuta mpaka kwenye jiwe la kunolea, akalizungusha lipige kelele.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo, mzee."

"Mzuri. Waliokufundisha walifanya kazi yao." Alisoma tena. "Huyu Bahati unamjua?"

"Ni jirani yetu."

"Ana familia?"

"Mke na watoto wanne."

"Basi umeandika watu sita."

Sikuelewa haraka, lakini nilielewa. Nilimwambia nitakwenda Kisugu sasa hivi nimwambie Bahati akimbie. Aliniangalia kama naota.

"Akikimbia amekubali kosa. Na wewe uliyemwambia utakuwa nani? Na yule kwenye pipa atakuona unatoka." Dereva alikuwa amesharudi kwenye pipa lake. Alipoona tunamwangalia, alipaza sauti bila kusimama: "Afande amesoma barua yenu. Amefurahi. Kesho anakuja na huyo mtu wenu."

Fundi Mkuu alimwinulia mkono kama anayeshukuru. Halafu akaenda kwenye gari ya njano.

Sikilizeni hapa, kwa sababu hii ndiyo kazi yenyewe. Hakupima tairi. Alisimama mbali, akachuchumaa, akafunga jicho moja, akaangalia gari kwa ubavu. Halafu akaingiza vidole kati ya tairi ya nyuma na madigadi yake: vidole vinne vikaingia. Akaja mbele: vidole viwili, na cha pili kwa nguvu. Akaweka viganja juu ya pua ya gari, akaikandamiza, akaachia. Gari ya mbio nzima ukiibonyeza hivyo inashuka na kurudi. Hii haikushuka. Ilikuwa kama unabonyeza meza.

"Lete tairi za saizi ya kitabu," alisema. "Zile kuukuu za stoo."

Tulizifunga, tukapaka chaki, tukaendesha. Krrr. Chaki ikafutika palepale.

"Umeona? Tairi ya Bahati ni pana, kweli. Lakini kosa si lake. Hii gari imeinama. Pua imebeba kitu kizito, springi zimelala, madigadi imeshuka juu ya tairi. Hata ukifunga ya baiskeli italia."

"Imebeba nini?"

Alizungusha tena jiwe la kunolea. "Hujaniuliza hilo."

Lakini niliona. Tulipoinua gari na jeki, mimi nikaingia chini kushika taa, niliona mbele ya injini, na tena nyuma yake pale miguu ya dereva inapokaa, mabamba ya chuma manene kama kidole gumba, yamefungwa na gunia ili yasigonge, yamechomelewa vizuri kabisa. Kazi ya watu wa jeshi. Kepteni aliogopa risasi, akaivalisha gari yake ngao kwa siri, na uzito wa woga wake ndio uliokuwa unakandamiza tairi. Yeye hakujua. Mtu wa bunduki si mtu wa springi.

Nilitoka chini. Fundi Mkuu akaniuliza, "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mzee."

"Sasa unaanza kuwa fundi."

Tulikuwa tumebanwa pande zote. Tukisema chanzo ni uzito, tumejua siri ya Kepteni: chuma kimefika wapi, na kwa hiyo kimeishia wapi, pale risasi inapoweza kupita. Mtu anayejua hivyo haachwi atembee. Tukinyamaza, kadi yangu inasema Bahati, na Ijumaa saa nane Bahati anachukuliwa. Njia ilikuwa moja. Tuiondoe ile krrr, tairi za Bahati zikiwa zimebaki palepale, boneti isifunguliwe, na mtu yeyote asijue kama tuligusa springi. Tairi zisipolia zenyewe zitamtetea.

Tulizirudisha tairi za Bahati. Dereva akashuka kwenye pipa, akaja kuangalia alama ya wino aliyokuwa ameichora ubavuni mwa kila moja. Hatukujua kama kuna alama. Alizikuta, akarudi kula njugu. Nikajua kwamba siku nzima walikuwa wanatungoja tubadilishe.

Kazi ya kwanza ilikuwa ukingo. Madigadi kwa ndani ina mdomo wa bati uliokunjwa, upana wa kidole, na huo ndio unaokata tairi. Tuliulaza juu, ushikamane na bati lake. Siku hizi kuna mashine. Sisi tulifunga bomba la maji kwa matambara, tukalipachika kati ya tairi na ule mdomo, tukasukuma gari kwa mikono, mbele kidogo, nyuma kidogo, tairi inabiringisha bomba, bomba linalaza bati. Kitu cha kuogopa ni rangi. Rangi baridi inapasuka kama ganda la yai. Kwa hiyo nilikuwa nakimbia na birika la chai, namwaga maji moto juu ya madigadi, Fundi Mkuu anapapasa kwa kiganja: "Bado. Bado. Sasa sukuma." Mara mbili nilisukuma kabla hajasema, kwa haraka yangu, na mara zote mbili alinipiga kofi la mkono bila kuniangalia. Rangi haikupasuka hata sehemu moja.

Ukingo peke yake haukutosha. Ilibidi pua ipande. Siku zote mbili, saa sita, Dereva alikuwa amekwenda kula muhogo kwa mama mmoja nje ya geti, akakaa nusu saa na kidogo. Ijumaa, katika nusu saa hiyo, tulifungua springi zote mbili. Ndugu zangu, springi ya mbele si kitu cha kufungua mbio. Unaweka jeki chini ya mkono wa gari, ule unaoshika gurudumu, unafungua nati ya chini, unashusha jeki kidogo kidogo mpaka springi iishe hasira. Ikikuponyoka inavunja taya. Fundi Mkuu alikuwa ameshakata pete mbili za mpira mgumu kutoka kwenye egemeo la injini ya lori. Tuliziweka juu ya springi, tukarudishia. Pua ikapanda kidole kimoja na nusu.

Mpira ulikuwa mweusi, mpya, unang'aa. Akachota vumbi la yadi, akachanganya na oili chafu, akazipaka zile pete na springi zote na nati zote, akapuliza vumbi kavu juu. Ungeapa hapakuguswa tangu gari itoke kiwandani. Dereva aliporudi anachokonoa meno, sisi tulikuwa tunamwaga maji moto kwenye madigadi.

Ijumaa saa nane Landrova iliingia. Nyuma, katikati ya askari wawili, alikaa Bahati. Shati halina vifungo, mguu mmoja hauna kiatu. Aliniona.

"Jirani," alisema, taratibu tu, kama anayenisalimia njiani.

Kepteni alimwuliza Dereva kama alama zipo, akajibiwa zipo. Akazunguka gari. Akafungua mlango wa abiria.

"Wewe Mkongomani, ingia. Kama itakamata, tutakufa sisi wawili."

Bahati aliingia. Wakatoka getini, wakashika njia ya kwenda Port Bell, na kule mbali tulisikia injini inapandishwa. Hiyo barabara ina kona tatu. Nilizijua zote. Fundi Mkuu alikuwa anafuta spana ambayo ilikuwa safi. Meneja ametoka ofisini kwa mara ya kwanza wiki hiyo, amesimama mbali na sisi, ili mtu akiangalia asidhani tuko pamoja.

Gari ilirudi, ikakata kona ya geti kwa nguvu mpaka changarawe zikaruka. Hakuna krrr. Kepteni akazunguka yadi mara mbili, stelingi imekatwa mpaka mwisho. Kimya. Akashuka. Uso haukuwa wa mtu aliyefurahi. Alikuwa amekuja kutafuta mtu, na mtu amepotea.

"Tairi iko ile ile na hailii," alisema. "Sasa kwa nini kijana yako aliandika jina?"

"Afande, kijana bado..." Fundi Mkuu alianza.

"Naongea na yeye."

Nikasogea. "Nilikosea kupima, afande."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Senia ya nne."

"Senia ya nne haijui kupima tairi?" Askari walicheka. Yeye hakucheka. "Na nini ilikuwa inakwaruza?"

"Ukingo wa madigadi, afande. Ulikuwa umechomoza. Tumeulaza ndani."

Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ukingo. Halafu akatoa tochi mfukoni, akamulika juu, kule kwenye springi. Alikaa hapo muda mrefu. Nilikuwa naona mgongo wake tu na maua ya shati.

"Springi mlifungua?"

"Springi?" Fundi Mkuu alisema. "Ina ubovu, afande? Tuifungue?"

"Hapana. Acha." Alisimama haraka kuliko alivyochuchumaa. "Nimeuliza tu."

Akadai kadi mpya na kalamu. Akanisimamia niandike, jina langu kamili, na chini yake: mimi sijui kupima, nilitia jina la mtu bure. Nikatia sahihi. Akampa Meneja. "Hii ikae kwenye faili lake. Akienda kazi nyingine, iende na yeye." Halafu akamgeukia Bahati. "Wewe, enda. Lakini hii tairi ikilia tena, naanza na wewe."

Bahati alitoka getini kwa miguu, kiatu kimoja, kuelekea Kisugu. Hakugeuka.

Gari ya njano ilirudi mara mbili kubadilisha oili, kufuli ikafunguliwa na Kepteni mwenyewe huku sisi tumeambiwa tugeuke ukutani. Halafu haikurudi tena, wala Kepteni. Hatukuuliza.

Mimi nilihamia karakana ya mabasi Jinja, baadaye karakana ya serikali, baadaye nikarudi Kampala. Kila nilipofika, msimamizi mpya alifungua faili, akasoma, akaniangalia. Bwana Karakana wa Jinja alinisomea kwa sauti mbele ya wenzangu: "'Sijui kupima.' Na sahihi umetia. Basi wewe utakuwa wa oili." Miaka tisa nilimwaga oili, na kazi ya kupima magurudumu nilikuwa naiangalia kwa mbali inafanywa vibaya. Ningeweza kueleza. Mwanzoni niliogopa, na serikali ilipobadilika niliogopa bado, maana hujui anayekusikiliza ni mtoto wa nani. Mwishowe msimamizi mmoja alikuwa na gari inayolia, wamembadilishia tairi mara tatu, nikaingiza vidole vyangu kati ya tairi na madigadi, nikamwambia bila kufungua kitu kwamba springi ya kulia imevunjika mzunguko wa juu. Tangu siku hiyo nikapewa kazi ya kupima mpaka nilipostaafu.

Nyinyi mna vipimo vya kompyuta, vizuri. Lakini gari ikija inakwaruza, msianze na tairi kwa sababu ndiyo inayoonekana. Tizameni gari imesimamaje ikiwa tupu, kisha muulizeni mwenyewe anabeba nini. Sisi swali hilo lilikuwa haliulizwi. Nyinyi mnaruhusiwa. Ulizeni.

Bahati hakunisalimia kwa miaka. Tukikutana njiani Kisugu alivuka upande wa pili, na nyama ya Idi aliirudisha, baba yangu akaniuliza kuna nini kati yenu, nikasema sijui. Nilipostaafu nilikwenda kwake. Bado anaishi Kisugu, kazi ya tairi ameshaiacha, macho hayaoni vizuri. Nilimweleza yote: chuma, springi, vumbi na oili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile chuma nilijua," alisema. "Nilifunga tairi mimi mwenyewe, siku ile pua ilikuwa juu. Wiki mbili zikapita, akarudi anataka upepo, pua iko chini. Nikasema, huyu mutu ameweka kitu. Mule ndani ya Landrova waliniuliza sana. Sikusema."

"Ungesema wangekuachia."

"Wangeniua. Na nyinyi vilevile, maana gari ilikuwa kwenu, wangesema na nyinyi mumeiona." Akaongeza: "Mimi sikukasirika juu ya kupima. Kila mutu anakosea kupima. Nilikasirika juu ya jina. Sikukupa jina yangu uiandike."

Nikamwambia ni kweli. Mkewe akaleta chai, tukanywa. Nikamwambia nimeanza kuandika habari za kazi yangu, kwa ajili ya vijana, na habari hii bila yeye haiandikiki. Nikamwuliza kama mara hii naruhusiwa kumtaja.

Akageuza uso upande wa mlango, ingawa macho yake hayauoni tena, akasikiliza kama kuna mtu nje.

"Hapana," alisema. "Tia jina ingine."

Nikatia Bahati.